Pazia la Baba na Theluji ya Povu

Jumanne, 5 Novemba

Zama mpya zimeanza. Pazia jipya la mlangoni limefika: rangi ya waridi, mioyo miwili pembeni, jina la duka, KURAMOCHI, katikati, kubwa kiasi cha kusomwa na kunguru akiwa angani. Fusae, mke wangu, alilitazama kitambo akauliza kama siku hizi tunauza maandazi ya manju au nguo za ndani za maharusi. Fusae hana jicho la biashara.

Wiki ijayo watu wa televisheni wanakuja hapa Oginosawa kupiga picha mbele ya duka langu. Tamthilia ya mapenzi! Inaitwa *Theluji Ikiyeyuka Nitasema*. Kijana na binti watakiri mapenzi yao juu ya benchi langu. Na tamthilia ikipendwa, kila mtu anajua kinachofuata. Mashabiki humiminika, hukaa pale pale walipokaa wapenzi, hupigana picha, halafu hutafuta kitu cha kuwapelekea wenzao ofisini. Kitu hicho nimeshakibuni: manju ya waridi, andazi la mvuke la umbo la moyo, maharage matamu ndani, jina la duka limechomwa juu kwa chuma cha moto. Manju za viazi vitamu za marehemu baba nimezistaafisha. Nani atakiri mapenzi huku anatafuna kiazi?

Mkulima aliyeleta viazi vya mwaka huu nimemwambia arudi navyo. Kwa hiyo mashabiki lazima waje. Wasipokuja, duka limekwisha, na Yashiro wa tambi, jirani wa ng'ambo ya barabara, atacheka mpaka meno ya bandia yamtoke.

Fusae kasema mwacha asili ni mtumwa. Nimemwambia walaji wa kiazi wanapungua kila majira ya baridi, na si kwa kuhama.

Jambo dogo la asubuhi. Pazia la zamani la baba, lile la rangi ya nili lililopauka mpaka jina halisomeki, nililitia kwenye mfuko wa taka nikaliweka mahali pa taka za mtaa, chini ya wavu wa kuzuia kunguru. Zamu ya kusimamia taka ilikuwa ya Yashiro. Mifuko yetu ya taka inaonyesha vilivyomo. Alishika ule mfuko juu kama mvuvi aliyenasa kiatu, akatangaza mtaa mzima usikie kwamba leo ni siku ya taka za kuchoma, nguo ni Jumatano ya mwisho wa mwezi, na ni nani huyu asiyejua hata kalenda? Akaubandika kibandiko chekundu cha taka zilizokataliwa.

Mama Tatebayashi wa saluni alikuwapo. Mzee wa duka la mchele alikuwapo. Wote walinitazama, kisha kwa adabu wakatazama mawinguni.

Yashiro akaniuliza, "Jirani, hili si lako kweli?"

Nikasema silijui.

"Basi nitalitunza mpaka mwenyewe ajitokeze," akasema, akaondoka nalo kwapani. Lichukue! Ulivae!

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya kupiga picha. Nimevaa tai.

Kosa la kwanza la hawa mabwana: wameleta theluji ya povu. Bonde hili linafukiwa na theluji miezi minne, wao wamekuja na mashine ya mapovu kama ya kuoshea magari. Barabara yote ilinuka sabuni.

Kosa la pili: mwongozaji alilitazama pazia langu la waridi akakunja uso kama aliyeng'ata limau. Akamnong'oneza msaidizi wake, mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Hinuma. Hinuma akanijia na kuinama mara nyingi. Kasema pazia ni zuri mno, zuri kupita kiasi, wanahofia litawafunika waigizaji. Je, hakuna la zamani?

Kabla sijafungua mdomo, Yashiro alishavuka barabara. Mikononi kabeba pazia la baba. Limefuliwa! Limepigwa pasi! Kalifungia kwenye kitambaa cha hariri kama zawadi ya harusi. "Hili halina mwenyewe," akasema, "ila mkilitaka liko."

Wakalitundika mlangoni kwangu. Mwongozaji karibu alie kwa furaha. Watu wa mjini hulia wakiona kitu kilichopauka.

Nikaingia kwenye mpango wa akiba. Wakiwa wanapangapanga taa, nikasogea kwenye benchi nikaweka sahani ya manju za waridi, pembeni kidogo, kana kwamba zimesahaulika. Wapenzi wangekaa, kamera ingeziona, taifa lingezitamani. Sikujua kwamba binti atakaa mahali pa kijana, na kijana atakaa juu ya sahani.

Alikaa juu ya zote. Hakusema kitu. Ni mwigizaji wa kweli, au hana hisia huko nyuma. Akakiri mapenzi yake akiwa amekalia maharage, akasimama, akaondoka ndani ya povu. Nikafuta benchi kimyakimya. Hakuna aliyeona.

Baadaye Hinuma akauliza pazia arudishiwe nani. Yashiro akanitazama. Mimi nikautazama mlima. Pazia likarudi kwa Yashiro.

Jumatatu, 13 Januari

Sehemu ya kwanza! Nilifunga duka mapema. Mimi na Fusae miguu chini ya meza ya moto, ile yenye blanketi na kipasha joto, chai, machungwa madogo.

Hadithi ni hii. Kijana Kaname ni mchoraji wa majengo ambaye hachori jengo lolote. Binti Chizuru anauza maua ambayo hakuna anayenunua. Wanagongana kona. Karatasi zinaanguka. Wanaziokota. Mikono inakaribia kugusana. Haigusani. Muziki. Mwisho.

Nimemwambia Fusae hii ni kuchemsha maji tu, chai inakuja. Nimekanda manju za kujaza rafu zote.

Jumatatu, 27 Januari

Chai haijaja. Leo mikono iligusana, wakaombana radhi mpaka matangazo ya biashara yakaingia. Bado wanaitana kwa majina ya ukoo, kama mteja na karani wa benki. Kaname kaanza kusema, "Kwa kweli mimi..." simu ikalia. Akaanza tena, treni ikapita. Katika Japani nzima wameshindwa kumtafutia kijana huyu mahali pa kimya.

Tangazo lenyewe lilikuwa la kampuni kubwa ya peremende na biskuti. Ndiyo mdhamini. Nilifurahi. Watu wa utamu kwa watu wa utamu, nikasema. Fusae akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Yashiro alinikuta nazoa theluji mlangoni, akauliza kama yule kijana ana kigugumizi au anaumwa jino. Nikamwambia sanaa haiwafai walaji wa tambi. "Kweli," akasema, "sisi tukitaka kitu tunakifyonza." Akajicheka mwenyewe njia nzima. Mtu duni.

Jumatatu, 10 Februari

Chizuru kaanguka ngazi kapoteza kumbukumbu. Kasahau kila kitu kuhusu Kaname. Namwonea wivu.

Mashabiki waliokuja Oginosawa mpaka sasa: mwanamke mmoja, aliyeshuka kwenye basi kimakosa. Aliuliza kama bado tunazo manju za viazi vitamu, shangazi yake alizipenda. Nikamwonyesha za mioyo. Akasema, "Nitafikiria." Watu wa nchi hii wakisema watafikiria, unaweza kwenda kulala, hawarudi.

Bibi wa hekaluni naye amehama. Manju za ibada ya mizimu ya nyumba yake ananunua supamaketi. Alinipitia mlangoni akiwa na mfuko, akauficha nyuma ya mgongo, akainama kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Haidhuru. Sehemu ya benchi haijafika bado.

Jumatatu, 24 Februari

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Leo ilikuwa zamu ya benchi. Niliwaalika majirani wote nyumbani, hata Yashiro, kusudi aumie kwa karibu. Povu linashuka. Kaname na Chizuru wanakuja barabarani kwetu. Mama Tatebayashi kapiga kelele kwamba ile pale ni nguzo yake ya saluni. Kamera ikageuka polepole kuelekea duka langu...

Ukungu.

Wamelitia ukungu! Duka zima, mlango, kibao, dirisha, vyote vimepakwa ukungu kama uso wa mshukiwa kwenye taarifa ya habari. Kilichobaki ni doa la rangi ya nili likipepea. Baba yangu alikanda unga hapo miaka yake yote, leo taifa limepaona kama mahali pa aibu.

Halafu kijana akasema lile neno. Hatimaye! "Nakupenda." Wiki zote hizi taifa linangoja. Akasimama, akageuka, akaenda zake ndani ya theluji ya uongo, na nyuma ya suruali yake, hapo pa kukalia, palikuwa na ukungu mwingine, mdogo, wa mviringo, ukimfuata kila alipokwenda.

Mama Tatebayashi akatoa sauti kama birika. Mzee wa mchele akauficha uso wake kwa mto. Yashiro alilala chini kabisa, akipiga mikeka yangu kwa kiganja.

Nikampigia Hinuma. Aliomba radhi kwa pumzi moja ndefu sana. Kumbe mdhamini hakubali duka jingine la vitu vitamu lionekane. Na ile suruali? Kasema hawakugundua mpaka wakati wa kukata na kuunga picha: nyuma ya Kaname palikuwa pamepigwa chapa, vizuri kabisa, herufi zote, KURAMOCHI. Wanashangaa mpaka leo ilitokea wapi.

Nikasema hata mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Basi la asubuhi lilikuja limejaa. Nililiona nikadhani ni msiba.

Vijana! Wasichana wenye kofia za sufu, wavulana wenye kamera. Ile picha ya matako yenye ukungu imezunguka kwenye simu za nchi nzima. Tamthilia hawaipendi hata kidogo. Wanaidharau kuliko mimi, wamefunga safari kuja kuidharau papo hapo. Wanataka kupigwa picha mbele ya duka lenye ukungu huku wameshika kipande cha plastiki yenye ukungu, kama ya mlango wa bafu, nyuma ya suruali zao.

Nikafungua mlango wazi. Nikarekebisha tai. Wakanipita.

Wote wameingia ng'ambo. Yashiro katundika pazia la nili! Na mbele yake kaning'iniza shiti zima la plastiki ya bafu! Ukisimama barabarani unaona doa la nili ndani ya ukungu, kama kwenye televisheni kabisa. Mstari wa wateja umefika saluni.

Nikavuka. Nikawaambia vijana kwamba duka lenyewe ni langu. Wakaangalia pazia langu la waridi na mioyo yake. Binti mmoja akanishika mkono kwa huruma, akasema, "Babu, usione wivu. Na wewe siku yako itafika."

Nikamwambia Yashiro mbele ya watu kwamba huo ni udanganyifu. Akaweka mwiko chini. Akaniuliza taratibu, kwa adabu ya kuchinja, "Nimedanganya nini, jirani? Sijasema neno. Nimetundika tu kitu kisicho na mwenyewe. Au umempata mwenyewe?"

Mama Tatebayashi alikuwapo. Mzee wa mchele alikuwapo. Wote walitazama mawinguni.

Nikasema silijui pazia hilo. Mdomo ulisema wenyewe.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeweka kibao: DUKA HALISI NI HILI. Wageni wanakipiga picha na kucheka. Wanadhani ni sehemu ya burudani.

Fusae kasema jambo hili lina tiba ya sentensi moja: nenda, inama, sema ni langu, nisamehe. Nimemwambia kichwa cha ukoo wa Kuramochi hakiinami mbele ya supu ya tambi. Kasema pazia ndilo jina la duka, na kama nimeweza kulikana jina hadharani, kuinama si kazi kubwa. Kasema mtaka cha mvunguni. Hakumalizia. Akimalizia methali huwa na hasira kidogo tu. Asipomalizia, nalala na soksi.

Mimi nina mpango bora. Nitalitia pazia la waridi rangi ya nili.

Jumatano, 5 Machi

Waridi ukilitia nili hupati nili. Unapata rangi ya jicho lililopigwa ngumi.

Nililitundika hivyo hivyo. Saa ya mchana jua likatoka, theluji ya paa ikaanza kuyeyuka, matone yakaanguka juu ya pazia, pazia likaanguka juu ya wageni, yaani rangi yake. Wageni wa kwanza kabisa kuingia dukani kwangu! Familia nzima kutoka Niigata, makoti meupe. Bibi yao sasa ana nywele za zambarau. Mama Tatebayashi alimwosha bure saluni. Wamesema haidhuru, haidhuru kabisa, wakiinama kinyumenyume mpaka kwenye gari. Hawatarudi katika maisha haya.

Mzani wa mwisho: manju za waridi kwenye rafu zimekuwa ngumu. Nimejaribu moja. Jino limesogea.

Jioni nilikaa jikoni bila kuwasha jiko. Chombo cha mvuke cha baba kimepinduliwa tangu vuli, kina buibui. Nikamwambia Fusae labda tufunge mwisho wa mwezi, twende kwa binti yetu kule Sendai, nikalinde maegesho ya magari. Akavua aproni, akatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda!

Asubuhi niliposhuka, pazia la nili la baba lilikuwa mlangoni kwetu. Na jikoni kulikuwa na mvuke. Na harufu ya kiazi.

Kumbe yule mkulima niliyemfukuza Novemba alifukuzwa mpaka mlango wa nyuma tu. Fusae alivipokea viazi vyote akavifukia kwenye makapi ya mpunga chini ya ngazi. Majira yote ya baridi nimekuwa nikipanda na kushuka juu ya urithi wa baba bila habari. Jana alipotoka alikwenda kuvichukua, na nilipolala akakanda, akapika sanduku moja la manju za zamani, akalifunga kwa kitambaa, akavuka barabara. Akainama mbele ya Yashiro. Akasema, "Nimekuja kuchukua pazia la baba mkwe. Tumelikosea heshima. Tuwie radhi kwa usumbufu."

Nilimuuliza Fusae, Yashiro alitoa masharti gani? Kasema hakuna. Yashiro alipokea sanduku kwa mikono miwili, akala moja akiwa amesimama, macho yakamlowa, akasema alikuwa akingoja mtu yeyote wa nyumba hii aliulizie tangu Novemba. Alikuwa akilipiga pasi kila wiki lisije likaota ukungu wa kweli. Hata ile plastiki kaja kutufungia mwenyewe, alfajiri, na ngazi yake.

Naona wazi kilichotokea. Kile kibao changu kilimtikisa.

Alhamisi, 20 Machi

Sikuandika kwa sababu ya kazi. Kabla ya mchana manju za viazi zimekwisha kila siku. Wageni wanakaa kwenye benchi, wanajipiga picha nyuma, wanacheka, wanaingia, wanakula moja, wanaacha kucheka, wananunua sanduku. Yashiro anawavusha mwenyewe wakimaliza tambi: "Sasa nendeni kwa jirani mkapate kitu cha maana." Bibi wa hekaluni amerudi. Aliinama muda mrefu kuliko kawaida na hakuficha mfuko wowote.

Leo ni sikukuu ya kuzuru makaburi. Fusae kampelekea baba sahani ya manju. Mimi nimemweleza kaburini jinsi nilivyoliokoa duka.

Jumanne, 25 Machi

Jana usiku tamthilia imeisha. Theluji iliyeyuka. Chizuru, aliyerudiwa na kumbukumbu baada ya kuangukiwa na chungu cha maua, kasimama kituoni akingoja Kaname aseme neno moja tu: nabaki. Binti anampenda, mama mkwe amekubali, kazi amepata papo hapo mjini kwao. Kila kitu mkononi! Kaname kamtazama, kafungua mdomo, kafunga mdomo, kapanda treni. Mwisho. Niliitupia televisheni ganda la chungwa. Nikamwambia Fusae kwamba waandishi hawa hawajui binadamu. Hakuna mtu duniani anayewekewa bahati yake kiganjani, na kuambiwa hii hapa, halafu akaitupa kwa mkono wake. Fusae alisema, "Hakuna kabisa," akaenda kulala.

Lakini habari kubwa ni ya leo. Hinuma amepiga simu! Wanatengeneza tamthilia mpya ya mauaji na upelelezi, safari hii mdhamini ni wa matairi, hakutakuwa na ukungu. Mwongozaji hajausahau mlango wetu. Maiti itaokotwa kwenye benchi! Hinuma kasisitiza kila kitu kibaki kama kilivyokuwa: mlango ule ule, pazia lile lile kuukuu, tafadhali tusiguse chochote. Alirudia hata mara ya pili.

Mstaarabu sana yule mwanamke. Alivyokuwa anaona haya kuomba kitu kipya! Watu wa nchi hii hawasemi wanachotaka. Lazima umsome mtu. Nimemsoma.

Pazia jipya nimeshaagiza. Jeusi, alama ya nyayo zenye damu, jina kwa rangi ya fedha. Manju nazo nyeusi, kwa makaa ya mwanzi, ukiuma yanatoka maji mekundu. Viazi nimemwambia mkulima asilete. Safari hii nimemwambia pale pale mlango wa nyuma.

Yashiro hawezi kunipata tena. Wanaosema sijifunzi kutokana na makosa waje waangalie kalenda yangu ya taka. Kesho ni Jumatano ya mwisho wa mwezi. Siku ya nguo. Pazia la baba nimeshalikunja vizuri, nimelitia mfukoni, na mfuko uko mlangoni.